Televisheni Mpya, Picha ya Enzi za Chogo

Wiki iliyopita shemeji yangu alinikaribisha kwake Tabata kuiona televisheni ya inchi 55 aliyoinunua Kariakoo baada ya kujibana kwa muda mrefu, na mpaka leo hasira haijaniisha. Televisheni yenyewe haina kosa. Ilikuwa ukutani, imenyooka kabisa, nyaya zimefichwa vizuri, na fundi aliyeletwa na duka alikwisha kulipwa akaondoka zake. Lakini taarifa ya habari ilipoanza, mtangazaji ambaye sote tunamfahamu kuwa ni mwembamba alitokea akiwa amenenepa ghafla, na maandishi yaliyokuwa yakipita chini ya kioo yalikuwa yamefifia kingo.

“Shemeji, huyu amevimba au ni macho yangu?”

“Fundi amesema ndivyo HD ilivyo, picha inakuwa pana,” alinijibu kwa fahari, nami nikanyamaza, kwa sababu pilau ilikuwa bado haijapakuliwa.

Baadaye nilichungulia nyuma nikakuta nilichokitarajia: nyaya tatu za AV, nyekundu, nyeupe na njano, zikitoka kwenye king'amuzi, huku tundu la HDMI, lile la waya mmoja unaobeba sauti na picha ya ubora wa juu, yaani HD, likiwa wazi pembeni. Waya huo wa njano hubeba rangi na mwangaza wa picha vikiwa vimechanganywa pamoja, na hata uwe mzuri kiasi gani, haupitishi zaidi ya mistari 576. Picha ya aina hiyo ina nukta 720 kwa 576, yaani 414,720, ilhali ya Full HD ina nukta 1,920 kwa 1,080, yaani 2,073,600. Ya kwanza ni sehemu moja ya tano kamili ya hiyo ya pili. Na kwa kuwa televisheni ya shemeji ni ya 4K, yenye nukta 8,294,400, kilichokuwa kikifika kwenye kioo chake ni sehemu moja tu ya ishirini, na hizo kumi na tisa nyingine televisheni ilikuwa ikizibuni yenyewe. Mtu amelipia ishirini, akafungiwa moja, na juu ya hapo akatoa ahsante na hela ya soda.

Ule unene nao una hesabu yake. King'amuzi kilikuwa kimeachwa kwenye mpangilio wa 4:3, yaani upana wa nne kwa kimo cha tatu kama vioo vya zamani, televisheni ikaivuta picha hiyo ijaze kioo cha 16:9, na kila kilichomo kikaongezeka upana kwa theluthi moja. Kurekebisha jambo hilo ni kuingia kwenye mipangilio ya king'amuzi kwa rimoti, kazi isiyomaliza hata dakika mbili, lakini fundi aliona ni rahisi zaidi kumfundisha shemeji kwamba watu wanene ndiyo teknolojia.

Najua mazoea haya yalikotoka. Mitambo ya analojia ilipozimwa Dar es Salaam Desemba 31, 2012, tulikimbilia ving'amuzi na kuviunganisha na televisheni zetu za chogo, ambazo hazikuwa na tundu jingine la maana zaidi ya hayo ya rangi. Wakati ule waya wa njano ulikuwa halali yake. Lakini HDMI imekuwapo tangu mwishoni mwa 2002, na fundi anayelipwa leo kwa kazi hii hana ruhusa ya kuishi kama vile chogo bado lipo sebuleni.

Nitakubali, shingo upande, kwamba chaneli yenyewe ikirushwa kwa ubora wa kawaida, HDMI haitaigeuza kuwa HD, na kwamba vipo ving'amuzi vya zamani visivyo na tundu hilo kabisa. Sawa. Hata hivyo, picha hiyo hiyo ya kawaida hufika ikiwa safi zaidi kwa HDMI, na kama king'amuzi ni cha zamani, fundi mwaminifu humwambia mwenye nyumba ukweli huo kabla hajatoboa ukuta.

Sizungumzii kwa kirefu desturi ya kutundika televisheni karibu na dari mpaka familia nzima ilale na shingo zinazouma, wala mpangilio wa picha kali uliotengenezwa kushindana na taa za dukani, unaoachwa uwaunguze watu macho usiku.

Wenye maduka watasema wateja hawaulizi. Wangeuliza nini, ilhali pale dukani wanaonyeshwa video ya maua na samaki wa rangi kutoka kwenye flashi, iliyoandaliwa mahsusi kwa kioo kile? Ningependa siku moja muuzaji achomoe hiyo flashi mbele ya mteja, aunganishe king'amuzi kwa waya wa njano kama fundi wake atakavyokuja kufanya nyumbani, aweke taarifa ya habari, kisha ataje bei.