Ati Amenyamaza Ili Awe Mimi!

Hivi nani aliwaambia Wajapani kwamba mimi ni mtu wa kunyamaza? Maana sababu wanayotoa ya steringi wa gemu zao kutoongea ndiyo hiyo. Yuji Horii, aliyetuletea gemu ya Dragon Quest mwaka 1986, msimamo wake ni kwamba steringi wa gemu haongei kwa sababu steringi ni wewe uliyeshika padi. Maneno utajazia mwenyewe. Mimi! Mtu ninayebishana na konda juu ya chenji ya shilingi mia mpaka abiria wanagawanyika kambi mbili na wengine wanapitilizwa vituo. Leo niitwe na mfalme, aniagize nikamuue Bwana wa Majoka, anipe mwenge na visenti vya njiani, huku walinzi wake wamesimama pale na mikuki, wazima wa afya, halafu nisiulize hao wanalipwa kwa kazi gani?

Kwa mwaka ule nawasamehe kidogo. Kaseti nzima ya Famicom, mashine ya gemu ya enzi hizo, ilikuwa na kilobaiti 64. Meseji ya sauti ya shangazi yangu, akimaliza tu "hamjambo huko", imeshapita hapo. Lakini mbona nafasi ya maneno ya binti mfalme waliipata? Unamtoa pangoni alikokuwa analindwa na joka, unambeba mikononi mpaka kwa baba yake, jasho halijakauka, anakuuliza kama unampenda. Jibu hapana. Anasikitika, anauliza tena. Hapana. Anauliza tena! Unaweza kukaa pale mpaka adhana ya magharibi, swali ni lilelile hadi useme ndiyo. Sasa hapo mimi nimejazia neno gani? Hiyo ni ndoa ya mkeka, tena mkeka wenyewe hakuna.

Na adabu je? Kijana anaingia nyumba za watu bila hodi. Anavuta droo, anabeba dawa zao, na kwenye matoleo ya baadaye anainua mitungi na kuipasua sakafuni mmoja baada ya mwingine. Mwenye nyumba yupo palepale, anamkaribisha kijijini. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nadhani walisikia hiyo mitungi.

Lakini aliyenipandisha presha hasa ni Crono, steringi wa gemu ya Chrono Trigger, 1995. Kaenda zake kwenye maonyesho ya milenia, kagongana na msichana, kumbe binti mfalme. Msichana akapotea, kijana kamtafuta, kamrudisha kwao salama. Asante yake? Pingu na shtaka la utekaji. Mahakamani wanaanza kumwaga ushahidi: huyu alikula chakula cha mzee kule maonyesho. Huyu walipogongana alikimbilia kuokota mkufu kabla ya kumjulia hali mwenzake. Na kweli, kama uliyafanya, uliyafanya. Gemu ilikuwa inakuandika muda wote bila wewe kujua, na kwa hilo nawavulia kofia. Utetezi sasa! Kijana kasimama, nywele nyekundu zimechongoka juu, mdomo kama umegundishwa. Wakili anaongea, Chansela anaongea, na mimi nimeshasimama juu ya kochi: "Mheshimiwa, chakula kilikuwa mezani hakina mwenyewe! Na mkufu ungekanyagwa, mngesema nini?" Mama watoto akatoka jikoni na mwiko, anauliza nani kashtakiwa. Nikamwambia ni mimi. Akarudi jikoni. Na ujue, hata wazee wa baraza wakikuona huna hatia, gerezani unapelekwa vilevile.

Baadaye anakufa. Kila aliyekulia kwenye vibanda vya video anaijua sheria: steringi hafi. Huyu anajitokeza mbele ya Lavos, lile zimwi la gemu, anaokoa wenzake, anapukutika kama vumbi, na hasemi kitu. Hata "mwangalieni mama" tu! Mama wa watu yuko nyumbani hajui lolote. Ukihangaika unaweza kumrudisha, na akirudi binti mfalme anamkumbatia kwa machozi, na yeye anajibu... aah, basi.

Hapo sijagusa Dragon Quest V ya 1992. Baba anauawa mbele ya macho ya mtoto. Mtoto anafanywa mtumwa miaka kumi. Kimya. Anakuja kwenye kuoa: achague kati ya Bianca, rafiki wa utotoni, na Flora, binti wa tajiri, alale usiku mmoja akifikiri, kisha harusi. Mimi upande wangu wazee walikaa mkekani tangu asubuhi, wakavutana juu ya blanketi la bibi, mkaja wa mama, kilemba cha babu, mshenga akakaukiwa na koo. Huyu kapewa mke kwa kubonyeza kitufe! Sina nongwa. (Ninayo.) Halafu mchawi anamgeuza sanamu la jiwe, linapigwa mnada, mtu na pesa zake analinunua na kulisimamisha uani. Miaka minane. Nilikodoa macho kwenye kioo nitafute kilichobadilika, sikukiona. Haongei, kama jana.

Mwaka 2024 ndipo Horii mwenyewe, katika mazungumzo na Katsura Hashino, mtengenezaji wa gemu za Persona, akakubali kwamba picha zinavyozidi kufanana na watu wa kweli, steringi anayesimama tu anaonekana zuzu. Baada ya miaka 38! Angepita kwetu angeambiwa bure, na chai juu. Hashino naye mwaka huohuo akatoa Metaphor: ReFantazio, na steringi anaongea kwa sauti kabisa. Nikakaa mkao wa kula. Kumbe kijana mpole kama anaomba kazi, hafoki, hanuni, hajamuuliza mtu "unanionaje?"

Wa kunimaliza lakini ni Red. Huyu ndiye steringi wa Pokémon za kwanza za 1996, gemu za kufuga viumbe na kuwapiganisha, yaani, kwa hesabu zao, ndiye mimi. Kwenye Gold na Silver za 1999 unatembea na kijana mwingine, bubu vilevile, unakusanya beji 16, unapenya Mlima Silver, na kule ndani kabisa amesimama Red. Nikasema leo ndiyo leo, tuna miaka mitatu ya kusimuliana. Anakugeukia. Nukta nukta nukta. Anatoa kiumbe wake Pikachu, wa kiwango cha 81. Ukimshinda, nukta nukta nukta tena, kioo kinafifia, yanaanza kupanda majina ya waliotengeneza gemu. Salamu hakuna, "bwana wewe mkali" hakuna, namba ya simu hakuna! Mimi nikikutana na mtu wa mkoa wangu kwenye foleni ya maji, ndoo zetu hazijafika bombani tumeshakuwa mashemeji.