Mkasa ukitokea, simu inafariji au inaumiza?

Baada ya mkasa mkubwa watu hukimbilia simu kwa haja mbili ambazo hazifai kuchanganywa: kuulizia walio hai, na kutazama yaliyotokea.

Ya kwanza ina faida isiyo na ubishi. Mashambulizi ya Paris yalipotokea Novemba 2015, Facebook ilifungua huduma yake ya kujulisha kuwa uko salama, na ndani ya saa 24 watu zaidi ya milioni 4 walikuwa wameitumia. Bonyezo moja liliwatuliza ndugu na marafiki wote kwa pamoja, saa ambayo laini za simu huzidiwa.

Kutazama ni habari nyingine. Baada ya milipuko ya mabomu kwenye mbio za marathoni za Boston, Marekani, Aprili 2013, watafiti waliwahoji Wamarekani zaidi ya 4,600. Waliofuatilia habari za tukio kwa saa 6 au zaidi kwa siku, kwenye televisheni, redio na mitandao, walieleza msongo mkali kuliko hata waliokuwepo penyewe. Mtu anaweza kujibu kwamba mwenye hofu ndiye anayezitafuta zaidi. Sawa, ila video ileile ikirudiwa mara 30 haimpunguzii hofu hiyo.

Kuhusu kuandika majonzi, wengi hupata nafuu wakijibiwa na waliofiwa kama wao. Lakini uchunguzi uliofuatilia Wamarekani baada ya Septemba 11, 2001 ulikuta kwamba waliochagua kutoandika hisia zao mwanzoni walikuwa na hali nzuri zaidi katika miaka 2 iliyofuata. Pengine hawakuguswa sana. Vyovyote iwavyo, anayenyamaza asisukumwe aseme, wala asihesabiwe kuwa hana huruma.

Kinachonisikitisha zaidi ni usambazaji. Baada ya shambulio la misikiti ya Christchurch, New Zealand, Machi 2019, ambalo muuaji alilirusha moja kwa moja mtandaoni, Facebook iliondoa nakala milioni 1.5 za video hiyo katika saa 24 za kwanza. Anayeituma ili kuilaani naye anaifikisha kwa yatima wa siku hiyo. Iripoti, kisha ifute. Kwenye mipangilio zima video zinazojicheza, kwa sababu picha hukufikia kabla hujaamua kuiona. Zima arifa pia, soma habari mara mbili kwa siku kwa dakika 15, na usiku uache kabisa. Jina la marehemu lisiandikwe kabla familia haijaambiwa, hata kama limeshazagaa kwenye makundi.