Iacheni miti ya aspeni izeeke

Tangu tarehe 30 Julai 2022, kanuni za ndege wahamao za Kanada zimempa hadhi maalumu kigong'ota mmoja (kwa Kiingereza pileated woodpecker), mkubwa, mweusi, mwenye kishungi chekundu, anayekaribia kunguru kwa ukubwa. Tundu lake la kutagia haliruhusiwi kuharibiwa hata likiwa tupu. Anayetaka kuukata mti wenye tundu hilo sharti kwanza aiarifu serikali kuu, kisha tundu likae miezi 36 bila ndege anayelindwa na kanuni hizo kuingia kukaa humo. Miaka mitatu kwa ajili ya tundu tupu! Mimi naiunga mkono kanuni hii kwa moyo wangu wote. Ninacholalamikia ni kwamba imeishia njiani.

Kigong'ota huyu kwa kawaida huchonga tundu jipya kila msimu wa kuzaa. La zamani akilihama, wengine huhamia: bundi wadogo, kindi wanaoruka kwa ngozi ya ubavuni, na bata. Ndiyo, bata. Katika misitu ya kaskazini wapo bata wanaotaga juu ya mti, na vifaranga vyao, siku moja au mbili tu baada ya kuanguliwa, hujirusha chini kimoja kimoja na kumfuata mama yao hadi majini. Bata hana mdomo wa kutoboa mti, na bundi pia hana. Wote hao wanaishi kwa kazi ya mikono ya kigong'ota. Nasikitika kwamba katika ile miezi 36 bundi na kindi hawahesabiwi. Wakiwamo ndani, saa ya kanuni inaendelea kutembea.

Sasa tuje kwenye mti wenyewe. Katika nyanda za Cariboo-Chilcotin, jimbo la British Columbia, mtafiti wa ndege Kathy Martin na wenzake walifuatilia viota vya matunduni kwa miaka mingi. Aspeni, mti wa majani mapana, ilikuwa kama asilimia 15 tu ya miti, lakini ilibeba takriban asilimia 95 ya viota hivyo. Misonobari na jamaa zake, ambayo ndiyo inayopendwa na viwanda vya mbao, iligawana kilichobaki.

Sababu ni kuvu. Ukiusogelea mti wa aspeni uliokomaa, mara nyingi utaona kwenye gome lake la kijivujivu uyoga mgumu wa umbo la kwato, mweusi na wenye nyufa kwa juu, hudhurungi kwa chini. Hiyo ni dalili kwamba moyo wa mti umeanza kulainika. Mbao za pembezoni bado ni ngumu, maji yanapanda, majani yanatikisika juu. Kigong'ota hutafuta hali hiyo hasa: ukuta imara wa kumzuia adui, na chumba laini cha kuchimba. Chini ya mti anaoufanyia kazi utakuta vibanzi vyeupe vimetapakaa, vingine virefu kuliko kidole.

Kuoza huko huchukua miongo. Mti mchanga haufai. Hapo ndipo naona kanuni imepungukiwa, maana inalinda tundu lililokwisha kuchongwa na kuuacha bila ulinzi mti wa jirani, ambao ungechongwa miaka ishirini ijayo. Tena katika British Columbia kampuni zinazovuna msitu hutakiwa kuhakikisha miche ya misonobari waliyoipanda inakua bila kusongwa, kwa hiyo kwa miaka mingi helikopta zimekuwa zikinyunyiza dawa ya glaifosati kuua aspeni zinazochipua. Mkono mmoja unalinda tundu, mwingine unaua miti ya kutobolewa kesho. Hilo silikubali hata kidogo. Jimbo la Quebec liliacha dawa za kuua magugu katika misitu ya umma mwaka 2001, likategemea watu wenye misumeno ya kufyekea, na biashara yake ya mbao haijafa.

Najua hoja ya wafanyakazi, na ni hoja nzito: mti uliooza moyo unaweza kumwangukia mtu akauawa. Sitaki mkata miti yeyote afe kwa ajili ya kiota. Lakini dawa yake ni kuacha miti hiyo kwa vikundi na kupiga marufuku mtu au mashine kuingia humo. Vikundi hivyo pia hustahimili upepo, wakati mti mmoja uliobakizwa peke yake katikati ya uwanja uliofyekwa huangushwa upesi.

Kwa hiyo ninachodai ni mambo mawili. Unyunyizaji wa aspeni ukome katika misitu ya umma ya British Columbia. Na kila mpango wa uvunaji uoneshe kwenye ramani vikundi vya aspeni vitakavyoachwa, vyenye miti ya rika zote, kuanzia ile yenye kuvu hadi ile ambayo leo unene wake haujazidi kifundo cha mkono.