Mafunzo ya mahitaji maalumu ni ya mwalimu yupi?

Likitajwa suala la kuwafundisha walimu wa shule za msingi namna ya kuwasaidia watoto wenye mahitaji maalumu, jibu huja haraka: waachiwe wataalamu. Mwalimu wa darasa ana mtaala wa kumaliza na rundo la madaftari ya kusahihisha. Je, aongezewe na usonji (hali ya ubongo inayoathiri mawasiliano na mahusiano na watu), uoni hafifu na ugumu wa kusoma? Wanaosema hivyo si wavivu. Wengi wao ni walimu wenyewe, tena wale wanaojali, na wanachokiogopa ni kubebeshwa mzigo wasiouweza kisha walaumiwe mambo yakiharibika.

Hoja yao ina uzito. Mtoto kiziwi anahitaji mtu anayeimudu lugha ya alama, na hawezi kufundishwa na aliyejifunza salamu na herufi kwenye semina ya siku mbili. Kusoma na kuandika nukta nundu, maandishi ya wasioona, nako hakupatikani kwa haraka. Isitoshe, mafunzo mafupi yana hatari yake: mwalimu hurudi na majina mapya, akaanza kumwita mtoto mwenye usonji kwa kuwa tu hapendi kutazamana na watu. Kupima na kuthibitisha kuna wenye taaluma yake, na kubaki kwao.

Ila hoja hiyo inawaza watoto wachache mno. Mwaka 1978, kamati iliyoongozwa na Mary Warnock nchini Uingereza ilikadiria kwamba mtoto mmoja kati ya watano angehitaji msaada maalumu wakati fulani katika miaka yake ya shule. Waliokuwa katika shule maalumu walikuwa karibu asilimia 2. Waliobaki walikuwa wamekaa katika madarasa ya kawaida, mbele ya walimu wa kawaida.

Chukua tatizo la ukuaji wa lugha, yaani mtoto kupata shida ya kuelewa au kutumia lugha, ambalo huwapata karibu asilimia 7 ya watoto. Darasa la watoto 30 huwa na wawili hivi. Halionekani kwa macho. Mwalimu anasema: toeni vitabu, fungueni ukurasa wa 14, fanyeni swali la 3 hadi la 6, ila la 5 liacheni. Mtoto huyu amekishika cha kwanza tu. Anatoa kitabu, halafu anachungulia kwa jirani. Machoni pa asiyejua, huyo ni mvivu au mwizi wa majibu, na anaweza kuadhibiwa. Dakika ile hakuna mtaalamu mlangoni. Aliyepo ni mwalimu, na kinachotakiwa kwake si cha ajabu: avunje agizo vipande vipande, aliandike ubaoni, amwombe mtoto alieleze kwa maneno yake, na amsubiri kidogo kabla ya kumhamia mwingine.

Hapo wengi husema: basi aajiriwe msaidizi akae na mtoto huyo. Pendekezo hilo lina huruma ndani yake, na kwa muda mrefu nami niliona linatosha. Kilichonibadilisha ni utafiti mkubwa uliofanyika Uingereza ukiongozwa na Peter Blatchford, uliokamilika mwaka 2009. Watafiti walifuatilia maendeleo ya wanafunzi wapatao 8,200. Waliopata msaada mwingi zaidi wa wasaidizi walipiga hatua ndogo kuliko wenzao waliofanana nao, hata baada ya kuzingatia kiwango walichoanza nacho na aina ya mahitaji yao. Matokeo hayo yanauma, na ni rahisi kuyasoma vibaya, kana kwamba wasaidizi ni watu wabaya. Sivyo. Walimu walisema msongo wao wa kazi umepungua, na ni kweli ulipungua. Tatizo lilikuwa mtoto kuhamishwa kimyakimya kutoka mikononi mwa mwalimu. Aliyehitaji ufundi mwingi kuliko wote akaachiwa mtu aliyepewa maandalizi machache kuliko wote, ambaye mara nyingi aliijua mada ya siku pale pale kipindi kilipoanza. Msaidizi akakazana kazi iishe, hata ikibidi aseme jibu mwenyewe. Daftari likajaa, mtoto akabaki palepale. Walimu nao, wengi hawakuwahi kufundishwa namna ya kufanya kazi na msaidizi.

Kwa hiyo ninaposikia kwamba mafunzo yawe ya watu maalumu pekee, namwona mtoto aliye ndani ya darasa lakini hana mwalimu. Italia ililiona hilo mapema. Baada ya kuyafuta madarasa maalumu mwaka 1977, sheria yake ya mwaka 1992 ilimfanya mwalimu wa msaada, anayeongezwa darasani kwa ajili ya mtoto mwenye mahitaji maalumu, kuwa mwalimu wa darasa zima pamoja na mwenzake. Hata hivyo huko nako malalamiko ni kwamba walimu wengine bado humsukumia yeye mtoto. Sheria hugawa wajibu. Haimpi mtu ujuzi.

Na wajibu hauishii darasani. Mtoto mwenye usonji anaweza kuvimudu vipindi vyote, kisha akazidiwa na kelele za mapumziko, mbele ya mlinzi ambaye hakuna aliyemweleza chochote. Mlinzi huyo naye afundishwe.

Jinsi ya kufundisha ndiko ambako wapinzani wananishinda kwa sehemu. Semina peke yake haifiki mbali. Bruce Joyce na Beverly Showers, watafiti wa mafunzo ya walimu, walionyesha tangu miaka ya 1980 kwamba mbinu mpya huota mizizi pale mwalimu anapofuatwa darasani, akatazamwa, akarekebishwa, akajaribu tena. Mtaalamu ninayemtaka mimi ni huyo: anayeingia kipindini na kufundisha bega kwa bega na mwalimu, badala ya kumchukua mtoto na kwenda naye chumba cha pembeni.

Hilo linahitaji saa. Mwalimu anayeambiwa ajifunze haya baada ya kazi, bila kupunguziwa kipindi hata kimoja, ana haki ya kukataa. Mkuu wa shule asiyeweza kumpa walau saa moja kwa wiki ya kukaa na mtaalamu na msaidizi wake, wakapanga somo la kesho, asimwite kwenye semina.