Sikulipua Kompyuta, Nililipua Pawa Saplai

Najua mmeshaisikia. Ile sauti ya muuza chipsi wetu inayozunguka kwenye magrupu ya mtaa, inayoanza na "Jamani, leo Tandika kumelipuka", msiiamini. Jamaa alikuwa nje anageuza zege, akaona moshi, akaongeza chumvi na pilipili maana ndiyo kazi yake. Naandika mwenyewe wakati shati bado linanuka. Na naanza na masahihisho: sikulipua kompyuta. Nililipua pawa saplai, kile kisanduku cha ndani kinachoigawia kompyuta umeme. Anayejua tofauti atanielewa, asiyejua asogee mbele.

Shemeji yangu ana steshenari. Mashine yake ni moja tu, Dell OptiPlex 9020, ile ya mnara, mtumba wa Ulaya. Inachapa, inaskani, inajaza fomu za mikopo ya wanafunzi, na tangu afungue duka haijawahi kulalamika. Msimu wa fomu ukifika foleni inaishia mlangoni kwa kinyozi, kwa hiyo akaamua kuongeza ya pili, ya vilevile. Mimi nani asikie neno kompyuta anyamaze? Nikaingilia.

Hoja zangu zilikuwa nzuri, na nazirudia hapa kwa sababu bado ni nzuri. Ile 9020 yake ina prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, ya i5-4590, kizazi cha 4, toleo la 2014. Microsoft waliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa upande wa Intel inataka kizazi cha 8 kwenda juu, pamoja na TPM 2.0, ile chipu ya usalama. Mafundi wanazo njia za kuilazimisha iingie, lakini hayo ni maisha ya kuvizia, kila sasisho likija unashika roho. RAM nayo, ile kumbukumbu ya kufanyia kazi, ni DDR3, ya zamani. Sasa kwa hela yake fundi wa Kariakoo angemuunganishia prosesa ya i3-12100 juu ya mazabodi (bodi kuu) ya H610, RAM ya DDR4 GB 8 kijiti kimoja ili tundu la pili libaki wazi kwa siku za neema, na diski ya kasi, SSD ya NVMe, ya GB 256. Msidanganyike na jina. Hiyo i3 ina viini 4 (vichwa vya kufanyia kazi) na nyuzi 8 (kazi zinazoshikwa kwa mpigo), ile i5 ya zamani ina viini 4 na nyuzi 4. Ila ukienda dukani angalia herufi ya mwisho. Ikiandikwa 12100F, hiyo haina grafiki ndani, yaani sehemu ya kutoa picha kwenye skrini. Bila kadi ya pembeni utakaa unaitazama skrini nyeusi hadi usahau ulitaka kufanya nini.

Shemeji akasikiliza yote, akauliza swali moja.

"Shemeji, hii ya kiwandani, watu wa kiwandani wameipima. Hiyo yako kaipima nani?"

"Fundi."

"Fundi ana kiwanda?"

Hapo nikamletea historia. Nikamwambia hiyo Dell anayoisifu ilianza 1984, Michael Dell akiwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas, akiunganisha kompyuta bwenini. Kila mkubwa aliwahi kuwa fundi wa mtaani.

"Sawa," akasema. "Huyo wako akishakuwa Dell uniambie."

Lakini alikubali. Nilimsumbua mpaka akakubali, na hilo ndilo linaloniuma zaidi.

Kariakoo fundi akaandika orodha. Mwisho akaweka pawa saplai ya wati 450 yenye nembo ya 80 Plus, ile ya kutopoteza umeme ovyo. Jumla ikapita bajeti. Nikamwambia apunguze hapo kwenye pawa saplai. Akaacha kuandika, akanitazama. "Braza, hapo ndipo pasipopunguzwa." Mimi nikaona bisibisi kapewa mtu mwoga. Kwenye shelfu kulikuwa na nyingine, ya bei chee, imeandikwa wati 500. Yaani ya ghali 450, ya rahisi 500, na mtu mzima mwenye akili zangu nikaona nimepata ofa.

Ngoja niwape somo dogo, maana najua kuna mtu yuko dukani saa hizi anasoma hili. Usisome namba kubwa ya juu. Soma jedwali la ubavuni, mstari wa 12V, zidisha volti kwa ampea. Yangu ilikuwa 12V kwa ampea 16, yaani wati 192 kwenye mstari unaolisha prosesa. Hizo 500 sijui zilikuwa zimelala wapi. Pia ipime kwa mkono. Ya maana ina koili na hitsinki (vyuma vya kupozea) za kutosha, ni nzito. Yangu ningeweza kuibeba kwa kidole kimoja. Hata hivyo nisiisingizie: i3 isiyo na kadi ya grafiki haifiki hata wati 120, kwa hiyo wati siyo zilizoniumbua. Kilichoniumbua kilikuwa nyuma.

Basi jana jioni nikaingia dukani na kasha begani, lile la kioo pembeni lenye feni za rangi. Duka limejaa. Wanafunzi wanasubiri fomu, mzee mwenye nyumba amekaa kwenye benchi anasubiri nakala ya mkataba, fotokopi inanguruma. Nikaiweka mezani ubavuni mwa Dell. Nikachomeka skrini, kibodi, nikachomeka waya wa umeme kwenye ekstensheni. Nikabonyeza kitufe kwa mbwembwe.

Kimya.

"Haiwaki?" mzee akauliza.

"Inawaka mzee wangu. Ina hatua zake."

Nikainama nyuma na tochi ya simu. Kuna swichi nyeusi yenye I na O. Iko kwenye I, sawa. Chini yake kuna kiswichi kingine, chekundu, kimezama ndani ya kidirisha, kinaonyesha 230. Juu yake palikuwa na kipande cha selotepu, nikakikwangua kwa ukucha nikidhani ni uchafu wa dukani. Halafu nikageukia umati. Sikuombwa. Nikasema, kwa sauti ya mwalimu wa zamu: "Mnaona hiki? Za kiwandani hazina. Ya fundi inakupa mamlaka yote mkononi mwako."

Nikajaribu kukisogeza kwa kidole. Hakikufika. Nikaomba kalamu, dada mmoja mwanafunzi akanipa yake.

Hapa msimamishe kusoma kidogo, mnihurumie. Kitu kilichozamishwa ndani ili kidole kisikifikie, kikabandikwa selotepu juu, na bado mtu anaazima kalamu ili akifikie.

Nikasukuma. Tak. Ikatokea namba 115. Niliisoma. Sitaki mtu aje kunitetea kwamba kulikuwa na giza. Niliiona 115 waziwazi, na kichwa changu kikafurahi kuwa kitu kimebadilika.

Nikasimama, nikajifuta magoti, nikabonyeza kitufe. Kimya tena. Na hapo bado nilikuwa sijaharibu kitu. Ningeweza kwenda kunywa chai. Maana sababu ya kimya chote kile ilikuwa ndogo sana: ekstensheni ilikuwa imezimwa kwenye ile swichi yake ya pembeni. Kompyuta haikuwa na shida yoyote tangu mwanzo.

Shemeji ndiye aliyeiona. Akainama taratibu, bangili zikagongana, akaweka kidole juu ya swichi ya ekstensheni, akaniangalia kwa heshima zote.

"Shemeji, labda hapa?"

Nikakunja mikono kifuani. Nikamwambia, "Jaribu."

PA!

Mwanga wa buluu ukatoka kwenye matundu ya nyuma, nikaona uso wa mzee mwenye nyumba umeangazwa wote, hadi meno. Kisha giza. Fotokopi ikanyamaza na fomu ya mtu nusu ndani nusu nje. Ndani ya kioo moshi mweupe ukaanza kupanda polepole, ukapita kwenye feni zangu za rangi. Harufu ikaja baadaye, ile ya samaki aliyesahaulika jikoni. Breka ya fremu zote ilikuwa imejikata, kwa hiyo umeme ulizima hadi kwa kinyozi, na kinyozi alikuwa katikati ya kichwa. Mteja wake akatoka nje na kitambaa shingoni, upande wa kushoto umenyolewa, wa kulia bado, akauliza nani kafanya hivi.

Hakuna aliyejibu. Yule mwanafunzi akasema kwa sauti ndogo, "Naomba kalamu yangu."

Kwa nini ililipuka? Umeme wetu ni volti 230. Ukigeuzwa kuwa wa moja kwa moja unafika kilele cha volti 325 hivi, na ndani kuna kapasita mbili kubwa, vile vikopo vya kuhifadhi umeme, zinazogawana, kila moja ikibeba kama 160. Zimetengenezwa kwa volti 200, kwa hiyo zinaishi kwa raha. Ukisogeza kile chekundu kwenda 115 unaiambia saketi kwamba uko Marekani, umeme ni mdogo, uongezwe maradufu. Kila kapasita inapokea 325 peke yake. Mnajua kilichofuata. Pawa saplai za kisasa zenye PFC hai, saketi inayorekebisha jinsi umeme unavyovutwa ukutani, zinapokea 100 hadi 240 zenyewe na hazina kiswichi hicho. Ile Dell ni ya aina hiyo. Tulipoinua breka ikawaka kama vile haikuwepo wakati wa tukio. Mzee akaipapasa juu, akasema, "Hii nzima."

Mtu mwenye busara angeondoka hapo. Mimi nikasema, "Nipeni dakika kumi." Nikaanza kuifungua Dell.

Nilitaka kuazima pawa saplai yake, niwaonyeshe kuwa mashine yangu ni nzima. Nikatoa skrubu za nyuma, nikabonyeza kile kifungio cha buluu ndani, nikaitelezesha mbele, ikatoka. Nzuri, nzito, wati 290 za kweli. Plagi ya pini 4 ya prosesa ikaingia kwenye mazabodi yangu, klik, nikatabasamu mbele za watu. Nikashika plagi kubwa. Mazabodi yangu, sawa na mazabodi nyingi za kuunganisha, inasubiri pini 24. Ya Dell ilikuwa na pini 8. Nane tu. Kwenye 9020 pawa saplai inatoa volti 12, halafu mazabodi yenyewe inajitengenezea 5 na 3.3, hadi umeme wa diski unatoka kwenye mazabodi. Nilikuwa nalijua hilo kwa miaka. Nimeshawahi hata kulifundisha. Nikabaki nimeshika plagi ile mbele ya foleni huku duka lenye kompyuta mbili likiwa halina hata moja.

Nikairudisha. Haikuwaka, ikatoa taa ya rangi ya machungwa. Shemeji akakaa chini. Ile plagi ya pini 4 nilikuwa nimeiacha inaning'inia nyuma ya diski. Nikaichomeka, ikawaka, na hakuna aliyepiga makofi.

Leo asubuhi nikarudi Kariakoo. Fundi hakuuliza, aligeuza kasha akasoma 115, akacheka hadi akaita jirani. Kisha: "Selotepu yangu iko wapi?" Huwa anaibandika kwenye kila mashine yenye kiswichi hicho. Akachukua ile ya wati 450, kabla ya kuifunga akaunganisha pini ya waya wa kijani na ya mweusi kwa kipande cha waya, feni ikazunguka, akaifunga. Mazabodi, RAM na SSD vyote vizima, maana transfoma inatenganisha upande wa umeme wa ukutani na upande wa kompyuta, mlipuko uliishia upande wa ukutani. Saa tano ilikuwa inachapa.

Na hapa muuza chipsi hakurekodi, kwa hiyo naliandika mimi: ingekuwa ya kiwandani ndiyo imekufa pawa saplai, asubuhi ningekuwa nazunguka kutafuta ya pini 8 au adapta ya 24 kwenda 8. Ya fundi inapokea ya duka lolote. Nilimweleza shemeji. Akasema amenielewa, na kwamba kuanzia leo nyuma ya meza niwe napita kwa ruhusa.

Kilichobaki ni kinyozi. Anadai hela ya kichwa kizima kwa sababu mteja hakurudi. Mimi nasema upande wa kushoto alishaumaliza kabla ya breka kukata, kwa hiyo deni langu ni nusu. Mzee mwenye nyumba ameahidi kutuamua Ijumaa.