Soma heda upya: kanuni ya kuchosha inayofanya kazi ambayo KASAN haiwezi

Tazama mistari hii mitatu, ya aina inayoonekana sana kwenye msimbo wa mtandao wa kerneli ya Linux:

iph = ip_hdr(skb);
if (!pskb_may_pull(skb, iph->ihl * 4)) goto drop;
saddr = iph->saddr;

Hapa skb ni muundo unaobeba pakiti, na iph ni pointa (anwani ya mahali kwenye memori) ya heda ya IP, ile sehemu ya mwanzo wa pakiti yenye anwani zake. Kasoro iko mstari wa tatu. Kazi ya pskb_may_pull() ni kuhakikisha baiti zinazotakiwa zipo kwenye sehemu ya mwanzo ya bafa (memori yenye baiti za pakiti), ile iliyoungana. Zisipokuwepo, inazivuta kutoka kwenye vipande vya nyuma. Nafasi ikiwa finyu, au bafa ikiwa inatumiwa pia na kloni ya pakiti hiyo (skb nyingine inayoshiriki bafa ileile), inaomba bafa mpya, inahamia huko na kuachia ile ya zamani. Pointa iph haina habari; bado inaelekeza kulekule. Dawa ni kuandika iph = ip_hdr(skb) mara ya pili, baada ya kuvuta. Historia ya kerneli, hasa upande wa tuneli, imejaa viraka vya mstari huo mmoja.

Namna ya kurekebisha haina ubishi. Ubishi ni jinsi ya kuzuia. Wapo wanaosema watu waandike wanavyojua, kwani KASAN, kikaguzi cha makosa ya memori ndani ya kerneli, na syzkaller, zana inayoijaribu kerneli kwa data ya kubahatisha, zitawakamata. Wengine wanadai kanuni: usibaki na pointa ya heda baada ya kuita funksheni yoyote inayoweza kuhamisha bafa. Baki na skb, soma heda upya kila mara. Hawa wa pili huchekwa kwamba wanakariri sheria bila kujali kasi.

Basi tuhesabu hiyo kasi. Kwenye laini ya gigabiti 10 kwa sekunde, fremu za baiti 64 hufika milioni 14.88 kwa sekunde, yaani nanosekunde 67.2 kwa pakiti, kama mizunguko 200 ya prosesa ya GHz 3. Kusoma heda upya ni kuchukua skb->head na kujumlisha ofseti ya network_header. Vyote viwili viko ndani ya skb ambayo tayari imo kwenye kache, kwa hiyo gharama ni mizunguko michache tu. Anayetafuta pa kubana kasi ana sehemu nyingi za kuanzia kabla ya hapo.

Hoja nzito ya watu wa zana ni nyingine: kanuni isiyo na msimamizi husahaulika. Funksheni zinazoweza kuhamisha bafa ni nyingi: skb_cow_head(), skb_ensure_writable(), skb_linearize(), na hata pskb_trim(), ambayo ukisoma jina lake utadhani inapunguza tu, pakiti ikiwa ya vipande na ina kloni, nayo huhamisha. Tena mara nyingi wito wenyewe umefichwa ngazi tatu chini. Kompaila ya C haisemi neno.

Ni kweli. Lakini zana zinazotegemewa zinaona nini hasa?

Kwanza, kwenye majaribio ya kawaida heda zote huwa tayari ziko kwenye sehemu iliyoungana. pskb_may_pull() inalinganisha urefu, inarudisha kweli, na bafa haiguswi. Msimbo mbovu unaweza kupita hivyo miaka. Ndiyo maana syzkaller huingiza pakiti kupitia TUN (kifaa cha mtandao cha kuigiza) zikiwa zimekatwa vipande makusudi.

Pili, hata bafa ikihama, kwa kosa la aina hii KASAN inahukumu kwa swali moja: je, memori hii imeachiwa? Inatunza baiti 1 ya kivuli kwa kila baiti 8 na kuitia alama memori iliyoachiwa. Sasa, bafa ya pakiti iliyopokelewa mara nyingi hukatwa kutoka kwenye ukurasa mmoja wa memori unaogawiwa pakiti kadhaa. Bafa moja ikiachiwa, ukurasa unabaki hai mpaka wa mwisho aondoke, na KASAN haina cha kulalamikia.

Kloni ndiyo mbaya zaidi. Bafa ya zamani haikuachiwa kabisa. Ina mwenyewe, na mwenyewe ni kloni. NAT (msimbo unaobadilisha anwani za pakiti) inayoandika anwani mpya kupitia pointa ya zamani itabadilisha data ya mwingine, na pakiti iliyokusudiwa itatoka na anwani ileile ya awali. Mashine haianguki, wala hakuna ripoti.

KFENCE, kikaguzi chepesi cha memori kinachoweza kuachwa kikifanya kazi kwenye seva halisi, kwa kawaida huchukua sampuli moja kila milisekunde 100 na kina nafasi 255 tu. Katika muda huo, kwa hesabu ya juu, pakiti milioni 1.488 zimepita. Isitoshe, kinaangalia slabu tu, yaani memori ambayo kerneli hugawa kwa vitu vidogo. Bafa zilizokatwa kwenye kurasa hakizioni.

Anayedhani kanuni hiyo haitekelezeki aangalie eBPF, mfumo wa kuendesha programu ndogo ndani ya kerneli. Programu ikiita bpf_skb_pull_data(), verifaya (mkaguzi wa programu kabla haijapakiwa) inabatilisha pointa zote za pakiti. Ukigusa moja bila kuchukua upya data na data_end (mwanzo na mwisho wa pakiti) na kuzilinganisha, programu haipakiwi. Lugha ya Rust nayo ingekataa mistari mitatu ya juu wakati wa kukompaili. Iliingia Linux 6.1, Desemba 2022, lakini kiini cha mtandao bado ni C, kwa hiyo mzigo unabaki kwa mwandishi na mkaguzi.

Kwa net_device (muundo wa kifaa cha mtandao) na soketi, naungana na watu wa zana. Pale tatizo ni uhai wa kitu chenyewe, na kusoma upya hakusaidii ikiwa hukushika rejea, yaani hukujihesabu kati ya wanaokitumia. refcount_t (kihesabu cha rejea) ya Linux 4.11 na kifuatilia rejea za net_device cha 5.17 vimesaidia kuliko kanuni yoyote ya uandishi.

Kwa heda, vuta kwanza, chukua pointa baadaye. Thamani utakazohitaji mbele, kama saddr na protocol, zinakili kwenye vigeu kabla ya wito unaofuata. Pointa itangaze ndani ya bloku ndogo, ili mkaguzi aone inakoishia. Kama unasoma tu, skb_header_pointer() yenye bafa ya kwenye staki inatosha, ila isikulaze: heda ikiwa tayari imeungana hainakili chochote, inakurudishia pointa ya ndani ya bafa ileile inayoweza kuhama.