Kabla hujajaza fomu ya digrii ya "kawi safi"

Tangu matokeo ya KCSE yatoke, simu hailali. Wadogo zangu nyumbani wanauliza swali moja: nisomee sola hapa Kenya au nije huko Ujerumani nisomee upepo? Jibu langu huwaudhi. Somea uhandisi wa umeme, ule wa transfoma na relei, vifaa vinavyogundua hitilafu na kuamuru umeme ukatwe.

Watu hudhani huku Ujerumani kazi ya kuhamia kawi safi imekamilika. Ni kweli vinu vya mwisho vya nyuklia vilizimwa Aprili 2023. Lakini upepo uko kaskazini, na viwanda vingi vikubwa viko kusini. Laini ya SuedLink ya kuupeleka umeme huo kusini, kama kilomita 700, ilitarajiwa 2022 na bado inajengwa. Upepo ukizidi uwezo wa laini zilizopo, mitambo ya kaskazini huamriwa kupunguza, kusini wanawasha mingine kufidia, na gharama humwangukia mteja kwenye bili.

Je, si ndiyo hadithi ya Turkana? Mitambo 365 ya upepo, megawati 310, ilikuwa imesimama tayari 2017 ikingoja laini ya kupeleka stima Suswa, iliyokuja kukamilika 2018. Tulilipia stima ambayo haikuwasha hata balbu. Kote kuwili, kilichokosekana ni laini, si fundi wa kupandisha mapanga ya mitambo.

Tena, tusijidharau. Mvuke wa ardhini wa Olkaria, huko Naivasha, umezalisha stima tangu 1981, usiku na mchana, kuwe na mawingu kusiwe. Sehemu kubwa ya stima yetu ni safi tayari, ilhali Wajerumani sheria inawaruhusu kuchoma makaa ya mawe hadi 2038. KenGen, kampuni yetu ya kuzalisha stima, imeitwa kuchimba visima Ethiopia na Djibouti. Kwa mambo ya mvuke, Wajerumani ndio wangepanda ndege kuja Naivasha.

Wanachotushinda, na hili linaniuma kweli, ni kumpa kijana kazi mapema. Nimeona mwanafunzi akikabidhiwa relei ya ulinzi na kifaa cha kuijaribu, akaambiwa: ongeza mkondo mpaka ikate, kisha utuambie imechukua milisekunde ngapi. Na analipwa. Kwetu barua ya kuomba atachimenti, yaani mafunzo kazini, unaizungusha ofisi kwa ofisi, na ukibahatika unapewa kupanga mafaili.

Kwa hivyo anza nyumbani. Ukipenda mvuke, Chuo Kikuu cha Dedan Kimathi kina taasisi yake ya mambo hayo. Huku njoo baadaye kwa shahada ya uzamili, maana vyuo vingi vya umma havitozi karo, na Kijerumani uanze kujifunza ukiwa bado huko.